Ova Mbili Baada ya Mvua

Asembo Bay
Jumapili, 2 Februari 2025

Walter,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si mchungaji, wala Maryanne ambaye nalala kitanda cha juu yake. Ile ova ya mikimbio kumi na saba haikuwa yako. Ilikuwa ya Naswa.

Siku yenyewe unaikumbuka kuliko mimi. Agosti 2023, uwanja wa kriketi wa pale mjini Kisumu, na wale wazee wawili wa Nairobi waliokuja kuchagua kijana mmoja wa kwenda kambi ya chini ya miaka kumi na tisa. Mwalimu Nicodemus alinikalisha mezani niandike alama kwa sababu mwandiko wangu ni safi. Kabla ya mvua wewe ulirusha kutoka upande wa reli na Naswa kutoka upande wa ziwa. Mvua ikanyesha nusu saa. Mliporudi mlikuwa nyote mmevaa zile sweta nzito za klabu. Nyinyi wawili mna urefu mmoja, nyote ni wa mkono wa kushoto, na hata mnavyokimbia kabla ya kurusha ni sawa, kwa sababu Naswa ndiye aliyekufundisha. Mwandishi asiyemtambua mrushaji anatakiwa kusimama na kuuliza kwa sauti, "Ni nani anarusha?" Mwamuzi anamjibu mbele ya watu wote, mchezo unaendelea. Ni hivyo tu. Lakini pale palikuwa na wanaume kama arobaini, na msichana nilikuwa mimi peke yangu. Sikuweza. Nikaandika kwa kukisia.

Ova mbili, mipira kumi na miwili tu. Ya kwanza, upande wa reli, ilipigwa mikimbio kumi na saba, nikaitia kwenye mstari wako. Ya pili, upande wa ziwa, ilitoa mkimbio mmoja, nikampa Naswa. Halafu jua likatoka, mrushaji wa upande wa ziwa akavua sweta, na ndani nikaona jezi yenye kiraka begani. Kiraka chako. Nahodha alikuwa amewabadilisha pande. Wazee wa Nairobi walikuwa wameshasimama nyuma ya kiti changu wakisoma. Sikurekebisha.

Kila mmoja wenu alichukua wiketi tatu, yaani wapigaji watatu, kwa hivyo angechaguliwa aliyepigwa mikimbio michache. Kitabu cha alama kilisema wewe umetoa mikimbio 46 na Naswa 27. Kweli yenyewe ni kwamba ulitoa 30, na yeye 43. Ulimwambia Mwalimu, "Ni thelathini, nimekuwa nikihesabu." Akanigeukia. "Gakenia?" Nikasema kitabu kiko sawa.

Ijumaa shangazi yako, Mama Dorca, alipoleta dagaa wa omena jikoni hapa shuleni, alinipa karatasi yako ya mistari miwili: "Huku ufukweni kuna ubishi. Mwandishi, tuambie nani mchezaji bora wa kriketi ya siku moja tangu dunia iumbwe." Uliniita mwandishi. Nimeisoma mara nyingi.

Sasa nimesoma na hii yangu. Siwezi kuituma. Naikunja naiweka ndani ya atlasi, kwenye ukurasa wa Australia.

Gakenia


Asembo Bay
Jumanne, 4 Februari 2025

Ndugu Walter,

Salamu kutoka shuleni. Tunaamshwa saa kumi na nusu alfajiri, na jana nililala nikiwa nimesimama kwenye foleni ya uji.

Jibu la swali lako ni Tendulkar. Mikimbio 18,426 katika mechi za siku moja. Mara arobaini na tisa alifika mia moja au akapita. Wengine walikuwa na siku nzuri, yeye alikuwa na miaka ishirini na zaidi. Ukiniambia kuhusu uzuri wa mkono au mwendo, nitakujibu kwamba hayo hayapimiki. Nambari zinapimika.

Nisalimie ufuko. Mama Dorca ameniahidi kuipitisha barua hii kwenye beseni tupu akirudi.

Wako,
Gakenia Muriuki


Luanda Kotieno
11 Februari 2025

Gakenia nyar Muriuki,

Barua yako ilifika ikinuka omena. Hakuna aliyeshangaa, sisi wote tunanuka hivyo.

Nimeisoma kwa sauti pale ufukweni tunapopakia samaki kwenye barafu. Unajua nani anabishana na mimi? Khaemba, yule anayeleta barafu na lori kutoka Kisumu. Alisikia "mikimbio elfu kumi na nane" akaniuliza, "Hiyo amekimbia akifukuzwa na nani?" Nikamweleza mechi inakaa ova hamsini kila upande, ova moja ni mipira sita, na katikati watu wanaenda kula. Akasema, "Wanaenda kula? Omera, ndugu yangu, hiyo ni mchezo ama ni matanga?" Watu wakacheka mpaka feri ya Mbita ikafika bila mtu kuwa tayari na mizigo.

Lakini umekosea. Ni Viv Richards. Sikuwa nimezaliwa, hata baba yangu alikuwa mtoto. Manchester, 1984. Timu yake imebaki na wiketi moja, wana 166. Anaingia Holding, mrushaji, si mtu wa kupiga. Wakaongeza mia na sita wawili pekee yao. Holding alipata kumi na mbili, Viv akamaliza na 189 bila kutolewa. Na hakuwa na kofia ya chuma, Gakenia. Alikuwa anatafuna big G, chingamu tu. Andika hiyo kwenye nambari zako, nione utaiweka safu gani.

Mimi niko tu. Kreti za barafu zinaanza saa kumi usiku, mikono imepasuka kama tope ya kiangazi. Jioni nakaa kwa jiwe naangalia maji sifikirii kitu. Shangazi anasema nimekuwa mzee.

Kuhusu kurusha, niliacha. Sitaki swali kuhusu hiyo.

Walter Okello


Asembo Bay
Jumapili, 16 Februari 2025

Ndugu Walter,

Barua yako ilikamatwa. Naibu wa mwalimu mkuu, Madam Valerie, aliiona mkononi mwa mpishi, akadhani ni barua ya mapenzi. Aliniita ofisini akaifungua mbele yangu. Alisoma ukurasa wote bila kupepesa macho.

"Huyu Viv ni nani?"

"Ni mzee wa Antigua, Madam."

"Na anakuandikia kutoka Luanda Kotieno?"

Nikaanza kumweleza ova ni nini. Mwishowe aliirudisha, akaniambia nikapumzishe akili, maana ni wazi nimesoma kupita kiasi. Labda ni kweli. Tuna mitihani ya muhula na ninaona herufi zikitembea.

Narudi kwa Viv. Tukiunda kikosi cha wachezaji bora, nimemkubali, lakini hawezi kuwa wa kwanza. Alimaliza na mikimbio 6,721, wastani wa 47. Ni nyingi kwa wakati wake, ila Tendulkar anazo karibu mara tatu. Kwa warushaji naandika Muralitharan, wiketi 534. Najua utasema Wasim Akram, kwa sababu ni wa mkono wa kushoto kama wewe. Ana 502. Tofauti ni thelathini na mbili.

Ulisema usiulizwe, lakini nauliza. Kwa nini uliacha? Ulikuwa unarusha vizuri.

Gakenia


Luanda Kotieno
24 Februari 2025

Gakenia,

Jana Khaemba alituwekea simu yake juu ya kreti, tukaangalia India na Pakistan kule Dubai. Kohli wa India akafika mia yake ya hamsini na moja. Kwa hivyo Tendulkar wako na arobaini na tisa zake aanze kusogea kiti. Unaona nambari zinavyofanya? Leo ni zako, kesho zimehamia kwa mwingine. Ile ya Viv haihamii.

Na leo ni tarehe gani? Tarehe 24 Februari. Mwaka 2003, siku kama hii, Nairobi, Kenya ilipiga Sri Lanka. Obuya, mrushaji wetu, akachukua wiketi tano kwa mikimbio ishirini na nne. Huyo namtaka kwenye kikosi. Najua utaniambia jumla yake ni ndogo. Siku moja haitoshi? Mtu akiwa bora siku moja, dunia nzima ikaona, lazima arudie ndio mkubali?

Umeuliza kwa nini niliacha. Sawa. Nimechoka kuficha.

Ile siku ya mvua nilihesabu thelathini. Nilikuwa nahesabu kila mpira, si unanijua. Kitabu kikasema 46. Nilikasirika vibaya. Nikamwambia Naswa mbele ya watu wote, "Mjomba wako aliletea klabu glavu na mipira, sasa amekununulia na nafasi." Tulikuwa tumekula sahani moja tangu darasa la sita. Alichukua begi lake akaenda. Watu wa mtaani kwetu Migosi wakaanza kusema kijana wa Okello ana wivu. Mama alisikia hiyo sokoni.

Lakini nilikaa nikafikiria. Gakenia ndiye aliandika. Huyo msichana hawezi kukosea hata tarehe, na hana sababu ya kuniumiza. Kwa hivyo mimi ndiye nilihesabu vibaya. Kama sikuweza kuona nimepigwa mikimbio kumi na sita zaidi, basi sijui ninachofanya pale uwanjani. Ndio nikaacha.

Naswa alirudi zamani. Kambi ilimwacha baada ya miezi mitatu, sasa anaosha magari kando ya ziwa huko Kisumu. Alinitumia salamu mara mbili kupitia Khaemba. Sikujibu. Ningemwambia nini?

Kwa hivyo usijali, wewe uliandika tu ulichoona. Nipe jibu la Obuya.

Walter


Asembo Bay
Jumapili, 9 Machi 2025

Walter,

Sikuandika nilichoona, kama unavyodhani. Ndani ya hii kuna barua nyingine. Niliiandika tarehe mbili Februari, kabla ya zote, nikaificha kwenye atlasi. Isome hiyo kwanza kabla hujasoma neno lingine langu.

Sina la kujitetea. Niliona haya kuuliza, kisha nikaona haya kusema kwamba sikuuliza, na kila siku iliyopita haya ikawa kubwa zaidi. Nilikuandikia kwamba nambari zinapimika, nikijua zile zako nilizipima vipi.

Hukuhesabu vibaya.

Gakenia


Luanda Kotieno
18 Machi 2025

Gakenia,

Nimesoma zote mbili. Nilizisoma kwa jiwe, halafu nikazisoma tena kitandani, halafu nikampa Shangazi azisome kwa sauti nisikie kama zinasema kitu kingine. Shangazi aliposema "thelathini" nilitoka nje.

Nilifikisha miaka kumi na tisa tarehe kumi na mbili, umri wa kambi umeisha. Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Shangazi ananiambia Jumanne tarehe kumi na moja alikuona jikoni na bahasha mkononi, ukairudisha ndani ya sweta. Kwa hivyo hata hapo mwisho uliongeza siku tatu. Sisemi zingebadilisha kitu. Nasema tu niliziona, kwa sababu mimi huhesabu.

Unajua ulichonifanya? Si kambi. Kambi Naswa alienda, na bado anaosha magari. Hapa wakinipa kreti nihesabu, nahesabu mara mbili, mara tatu, wenzangu wananicheka, "Okello anahesabu samaki kama anaongea nao." Ni kwa sababu kitabu chako kiliniambia kichwa changu kinanidanganya. Nimeishi na hiyo mwaka mmoja na nusu. Nimemtukana rafiki yangu kwa kitu hakufanya. Mama yangu aliinamisha kichwa sokoni.

Shangazi anadhani nimekasirika. Ningependa kukasirika, lakini nimechoka sana. Kukasirika pia ni kazi.

Usiniandikie tena juu ya Tendulkar ama Viv ama nani. Usiniandikie juu ya kriketi mpaka hicho kitabu kiseme thelathini.

W. Okello


Migosi, Kisumu
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Walter,

Kitabu kinasema thelathini. Ndiyo maana naandika.

Tulifunga shule Ijumaa ya tarehe nne. Jumamosi asubuhi nilimwambia Baba yote kwenye duka lake la viatu, nikiwa nimeshika sanduku ili nisimtazame. Alipanga masanduku mawili, kisha akasema, "Basi nenda. Mbona bado uko hapa?"

Mwalimu Nicodemus nilimkuta nyumbani kwake akisahihisha karatasi za Hisabati. Niliongea nikiwa nimesimama mlangoni. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini sikuuliza. Nikasema niliona haya. Akavua miwani.

"Mimi nilikuwa kwenye kibanda nikiwamiminia wale wageni chai," akasema. "Nilimwona Naswa akipigwa ile ova. Niliona kwa macho yangu. Halafu nikasoma kitabu, nikasema labda ni chai imenichanganya." Akazisukuma kando zile karatasi. "Wewe ulikuwa mtoto, Gakenia. Mimi nilikuwa mwalimu wa Walter."

Tulikwenda shuleni kwake pamoja. Kitabu kilikuwa kwenye kabati la neti za mazoezi, kimeliwa na mende pembeni. Nilidhani angefuta kwa ile dawa nyeupe ya kufutia wino, lakini alikataa. Alinipa kalamu. Kosa la kitabu cha alama halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, lionekane bado, na ukweli unaandikwa juu yake, kisha aliyekosea anatia sahihi. Nikapiga mstari kwenye 46, nikaandika 30. Nikapiga mstari kwenye 27, nikaandika 43. Nikatia sahihi mara mbili na tarehe ya siku hiyo. Sahihi zenyewe hazifanani, lakini ni zangu.

Mwalimu ameandika barua kwa wale wa Nairobi. Ameniambia wazi kwamba haitabadilisha lolote, umri wako umepita. Alinipa nakala ya ukurasa ule yenye sahihi yake, na nyingine ya mama yako. Ya mama yako niliipeleka mwenyewe siku hiyo hiyo. Alikuwa anachambua mboga mlangoni, na majirani wawili walikuwapo. Nilitaka kungoja waondoke. Nikasema wakiwa hapo hapo. Mama yako aliichukua karatasi akaingia ndani nayo, na mimi nikabaki nimesimama na wale majirani mpaka mmoja wao akaniambia nikae. Sikukaa. Yako nimeiweka humu.

Jumatatu iliyopita nilikwenda kando ya ziwa kumtafuta Naswa. Alikuwa ndani ya maji hadi magotini akisugua gari la mtu. Nilipomaliza kumwambia, aligeuza ndoo akaikalia.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilijua nimepigwa siku ile. Niliposikia 27 nikasema, aa, kitabu kinajua kuliko mimi." Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Miezi mitatu kule Nairobi kila mtu ananiuliza ule uchumi wangu, ile mikimbio michache, uko wapi. Nikawa natafuta kitu hakikuwa changu."

Hakunituma neno lolote kwako. Aliniuliza tu gari za kuja huko kwenu Luanda Kotieno siku hizi zinaondokea wapi, kama mtu asiyejua. Anajua.

Uliniambia nisiandike juu ya kriketi kabla ya hapo, sasa naandika mara moja, kisha ukitaka ninyamaze nitanyamaza. Bado nasema Tendulkar. Siwezi kukudanganya ili unisamehe. Lakini kwenye kikosi chetu nimemwandika Obuya, kwa siku ile moja, na safu ya jumla yake nimeiacha wazi. Viv yuko nambari tatu, kama alivyopenda mwenyewe kuingia. Amebaki mmoja wa mkono wa kushoto. Utamtaja wewe, nami sitauliza idadi ya wiketi zake.

Jambo la mwisho. Jana, Jumapili, Mwalimu alikuwa na mechi ya vijana, ova ishirini tu. Aliniuliza kama nitaandika. Nilisema hapana, halafu nikasema ndiyo. Nilikaa kwenye meza ile ile. Watu walikuwa wengi kuliko siku ile, na baadhi yao walikuwa wameshasikia habari zangu, niliona wakinong'onezana. Baada ya mapumziko ya maji alikuja mrushaji mpya kutoka upande wa ziwa, ameshusha kofia hadi kwenye macho. Nilimtazama. Nilidhani namjua. Karibu niandike.

Nikaweka kalamu chini, nikasimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikauliza, "Ni nani anarusha?" Mwamuzi hakusikia. Tayari alikuwa ameinua mkono mchezo uanze, na watu walikuwa wamegeuka kunitazama. Nikauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akashusha mkono, akamsimamisha mrushaji, akanipigia kelele jina lake toka katikati ya uwanja. Halikuwa lile nililodhani.

Nikaokota kiti, nikaliandika.

Gakenia Muriuki